Mgonga Dari na Sauti ya Saba

Ndugu waombolezaji, karatasi hizi zimeandikwa na mdogo wake marehemu, ambaye ndiye amesimama mbele yenu, elimu yake ni ya darasa la saba hivyo mtamvumilia akikwama, na familia imemkabidhi kazi hii kwa kuwa ndiye aliyekaa na marehemu siku nyingi zaidi hospitalini, na pia kwa kuwa yako mambo mawili ambayo hana budi kuyasema kwa kinywa chake, Mungu amsaidie.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Sikio, alizaliwa Jumatano tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba namba 40, mstari wa nne, makazi ya wafanyakazi wa mgodi wa makaa ya mawe, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa fundi magogo, yaani yule aliyekuwa akikata na kusimamisha magogo ya kushikilia mwamba kule chini, na mama yake alikuwa akisimulia kwamba mkunga alimpiga kofi mara mbili ndipo akalia, kwa sababu mtoto huyu alitaka kusikiliza kwanza kama mahali penyewe panafaa.

Alisoma shule ya msingi ya mgodi tangu mwaka 1959 hadi 1965, hesabu hakuzipenda nazo hazikumpenda, ila mwalimu wake alimsifu kwa kuwa aliweza kutaja ni nani anakuja ukumbini kwa mlio wa viatu tu, jambo lililowaokoa wenzake na fimbo nyingi.

Tarehe 3 Juni 1970 aliajiriwa mgodini kusukuma vitoroli, wakati huo watu elfu moja na mia mbili walikuwa wakishuka kwa lifti kila siku, na mwaka 1977 alipewa kazi aliyoifanya hadi mwisho, ya kugonga dari. Kwa wale ambao hawakufika chini, kazi hii ni ya mtu anayetangulia na mtaimbo mrefu, anaugonga mwamba ulio juu ya vichwa vya wenzake na kusikiliza, mwamba mzima hulia kama kengele, mwamba ulioachana hulia kama debe, na ili asikie vizuri watu wote huzima taa za kofia na kunyamaza, kwa maana mtu mwenye taa hujikuta anatazama. Taa zikiwa bado zimezimwa, nyapara huuliza "Mpo?", na kila mmoja huitika kwa zamu yake kwa namna yake, wa kwanza hadi wa mwisho, ndipo taa zinawashwa na watu wanaondoka, kwa hiyo tangu enzi za baba yao watu wa mgodi ule walihesabiana gizani, kwa sauti, na hakuna aliyewahi kuona ubaya wake.

Tarehe 18 Desemba 1976 alifunga ndoa na mshonaji wa sare za mgodi, wakajaliwa watoto watano, wa kiume wawili na wa kike watatu, na mjane wake ameomba isemwe kwamba alikuwa mume mpole, asiyeinua mkono, ila alikuwa na tabia ya kugonga kuta za nyumba kwa kifundo cha kidole kabla ya kulala, watoto wakimcheka, "Baba, kuna mtu humo?", naye akijibu, "Leo hakuna, laleni."

Kuanzia mwaka 1991 mgodi ulianza kuzeeka. Ngazi ya tatu, yaani tabaka la chini kabisa la uchimbaji, ilijaa maji, ikafungwa, kisha ngazi ya pili, treni ikaacha kuja, watu wakabaki mia nne, halafu sitini, na makaa yalipokwisha ukaja uamuzi wa kuchukua nguzo zenyewe, zile nguzo za makaa zilizoachwa tangu zamani kubeba dari, mnaichimba nguzo huku mnarudi nyuma, mnatoka, na chumba kinaanguka nyuma yenu. Fundi magogo, baba yao, alipopelekewa habari hiyo kitandani kwake alisema mgodi sasa unakula miguu yake wenyewe. Huku juu nanyi mliona, barabara ya mstari wa nne ilibonyea katikati, milango ikawa inajifunga mchana kweupe pasipo upepo, na nyuma ya shule palikuwa na mstari mmoja wa majani makavu ambako hata mvua ikinyesha udongo ulikuwa wa vuguvugu, ukiweka kiganja unahisi joto kama la mtu mwenye homa. Miaka ile marehemu alimwambia mkewe kwamba dari sasa hailii kama kengele wala debe, inalia kama mlango wa chumba chenye watu ambao wamenyamaza ghafla ulipobisha.

Jumanne, tarehe 9 Agosti 2005, watu kumi na wawili walikuwa chumba cha kumi na saba. Wa saba katika kuitika alikuwa jirani na rafiki yake marehemu, aliyejulikana kwa jina la Taratibu, mtu asiyeharakishwa na chochote, ambaye nyapara akiuliza "Mpo?" yeye huitika kwa kuvuta maneno, "Nipo, msinisukume," na watu hucheka hata siku mbaya. Saa nane na dakika ishirini mchana dari ilianza kunong'ona, taa zikazimwa, marehemu akagonga, akasikia alichosikia, nyapara akauliza, wakaitika wote kumi na wawili, taa zikawashwa wakatoka, dari ikashuka nyuma yao, na walipofika kwenye lifti wakahesabiana kwa nyuso wakawa kumi na mmoja. Taratibu hakuonekana tena, wala mwili wake haukupatikana. Katika uchunguzi wote kumi na mmoja, kila mtu peke yake, waliapa kwamba walimsikia wa saba akiitika, na hawakusema uongo, hata nyapara, mtu mgumu, alisema, "Nimemsikia kwa masikio yangu, tena nilitaka kumgombeza."

Hapa ndipo lilipo jambo la kwanza, na mdogo wake analisoma kama alivyoagizwa. Marehemu ndiye aliyemtuma Taratibu. Robo saa kabla ya hapo alikuwa amemwomba arudi chumba cha kumi na sita amletee mtaimbo wake wa pili, hakumwambia nyapara kwa kuwa kusahau mtaimbo ni aibu kwa mgonga dari, na taa zilipozimwa alijua kwamba rafiki yake hajarudi. Alijiandaa kusema ngojeni, zamu ya saba ilipofika alikwisha fungua kinywa, lakini jibu likamtangulia, likatoka kwenye bega lake la kushoto, karibu kiasi cha kuhisi pumzi, "Nipo, msinisukume," na alishukuru Mungu kwamba amewahi kurudi. Taa zilipowaka alitazama kushoto, palikuwa na ukuta. Alisema mwenyewe kwamba kutoka hapo hadi dari iliposhuka palikuwa na muda wa mtu kuvuta pumzi arobaini, muda wa kupiga kelele ulikuwepo, wa kurudi huenda ulikuwepo, lakini alijiambia mtu ameitika, nani atabisha, akatembea pamoja na wenzake. Katika uchunguzi aliulizwa alichosikia akajibu, hakuulizwa alichojua, naye hakusema.

Mgodi ulifungwa tarehe 30 Juni 2006, pampu zikazimwa, maji yakapanda hadi kwenye lango, shimo likafunikwa kwa zege. Kila alasiri marehemu alikwenda pale, akapiga magoti na kuweka sikio kwenye zege, wengi mlidhani anasali, na mlinzi alimtania, "Sikio, wanasemaje leo huko chini?", naye akajibu bila kucheka, "Wanahesabiana." Mlinzi amekiri kwamba tangu siku ile hakukalia tena zege lile.

Aliugua kifua kuanzia mwaka 2019, madaktari walisema ni vumbi la makaa, akalazwa tarehe 20 Novemba 2023, na Jumamosi tarehe 2 Desemba alimweleza mdogo wake haya yote, kisha akasema, "Niitie shemeji," akimaanisha mke wa Taratibu, "nimwombe msamaha ningali na sauti." Jambo la pili ni hili. Mdogo wake alimwitikia ndiyo, akaenda nyumbani, na hakumwita. Alihofia jina la familia, alihofia watoto, kila asubuhi marehemu aligeuza uso kuelekea mlangoni na kuuliza, "Amekuja?", na kila asubuhi aliambiwa, "Kesho, kaka," kwa siku arobaini na saba. Alhamisi tarehe 18 Januari 2024, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili, aliuliza tena, na kabla hajajibiwa alikata roho. Dhambi hii haina mwenyewe mwingine, msimtafute.

Jana mdogo wake alikwenda kwa shemeji huyo, akamkuta anachambua maharage kibarazani, akamweleza yote akiwa amesimama. Mama yule hakulia. Aliuliza tu, "Aliitikaje?", akajibiwa, kama kawaida yake, polepole, kama mtu aliyekatishwa mazungumzo. Akaokota jiwe kwenye maharage, akalitupa, kisha akasema, "Basi alikuwa bado hajajua." Halafu akasema, "Na wewe, siku zote hizo ulikuwa unaogopa nini? Kutoka kwako mpaka hapa ni hatua kumi na tisa, niliwahi kuzihesabu." Alipoulizwa kama yasomwe au yafichwe, alijibu, "Kayasome. Na usiyalainishe."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, hasa muuguzi wa zamu ya asubuhi aliyekuwa akimgeuza upande wa mlango bila kuuliza sababu, inawashukuru majirani wa mstari wa nne kwa viti, kuni na maji, na wafanyakazi wenzake wanane waliosalia, waliochimba kaburi mara mbili, kwa kuwa pale pa kwanza waligonga, wakatazamana, wakasogea hatua sita bila kumweleza mtu.

Kaka, shemeji amekuja. Ameketi mstari wa mbele, kushoto, na amesikia mpaka mwisho. Samahani kwa kuchelewa. Sasa pumzika kwa amani.