Mzee Mizani, Muuza Nyama Aliyekatazwa Kukonda

Ndugu, majirani, wateja na marafiki, poleni kwa msiba na poleni kwa jua. Anayewasomea ni binti wa kwanza wa marehemu. Ninafanya kazi kwenye duka la uchapaji, na kwa miaka kumi na miwili nimechapa wasifu wa watu wengi mno. Wote walikuwa wacheshi, wote walipenda watoto, na wote "waliugua kwa muda mfupi". Huu mlioushika nimeuchapa mwenyewe. Baba mkubwa, kaka yake marehemu, aliniandalia rasimu ya ukurasa mmoja na nusu, nami niliisoma yote kwa heshima. Tarehe nimezichukua humo. Mengine yalinitia kinyaa, na nikifika mahali pake nitasema kwa nini.

Marehemu alizaliwa Alhamisi, tarehe 14 Machi 1963, mtoto wa pili kati ya watatu, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya machinjio. Bibi yetu alikuwa akitusimulia kwamba alizaliwa na kilo mbili na robo tu, na kwamba mkunga alimgeuza huku na huku akasema, "Huyu mlisheni sana, asije akawatoroka." Wakamlisha. Agizo hilo hakuna aliyewahi kulifuta.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1970 hadi 1976, ile yenye ukuta mrefu unaotazamana na stendi. Hesabu alizipiga kichwani kabla mwalimu hajamaliza kuandika ubaoni. Sekondari hakwenda, kwa sababu nafasi ilikuwa ya mmoja, na mmoja huyo akawa kaka yake. Hakuwahi kulalamika. Somo alilolishika kuliko yote alilipata nyumbani: mkubwa akishasema, mdogo anaitika. Nawaomba mlikumbuke hilo, maana ndilo lililomponza.

Mwaka 1979 aliingia kazini kwenye bucha la mtu mwingine, akianza kwa kuosha sakafu na kusaga mifupa. Tarehe 2 Agosti 1993 alifungua bucha lake mwenyewe, pale kwenye kona baada ya duka la vifaa vya ujenzi. Wengi wenu mnaijua sehemu hiyo: vigae vyeupe mpaka usawa wa kifua, ndoano saba, gogo la kukatia lililobonyea katikati, na redio isiyoshika stesheni hata moja vizuri. Mlimwita Mzee Mizani kwa sababu hakuwahi kubonyeza mizani kwa kidole, na mshale ukishatulia aliongeza kipande. Hapo Baba mkubwa ameandika kwamba marehemu alikuwa "mkarimu". Hilo ni kweli, nimeliacha.

Mama yetu alikuwa mteja wa lile bucha la kwanza, marehemu alipokuwa bado ameajiriwa. Mara tatu alirudisha nyama mbele ya foleni nzima. "Kaka, mimi nimekuja kununua nyama. Haya mafuta kawauzie wanaotengeneza sabuni." Mara ya nne marehemu alimkatia steki safi isiyo na hata uzi mweupe, akaifunga mara mbili, akamuuliza nyumbani kwao ni wapi. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 19 Desemba 1987, wakajaliwa watoto watatu. Kwa hiyo mjue kwamba mwanamke huyu alikuwa akiyapigia kelele mafuta kabla daktari yeyote hajasema neno.

Sasa ugonjwa. Rasimu niliyopewa inasema, "Marehemu alianza kuugua baada ya kujiingiza katika mazoezi yasiyolingana na umri wake." Nilipousoma mstari huo mate yalinijaa mdomoni, nikatoka nje nikatema. Na juzi, nikipitisha chai chini ya turubai, nikawasikia watu wazima, wenye wajukuu, wakikubaliana kwamba kukimbia kulimlegeza mishipa. Huku wakiomba sukari iongezwe.

Mambo yalikuwa hivi. Jumanne, tarehe 18 Januari 2022, marehemu alianguka dukani akiwa ameshika shoka. Daktari alimkuta na presha na kisukari, akamwandikia vidonge vya aina tatu, kisha akamwambia, "Mzee, dawa nitakupa, lakini miguu unayo mwenyewe. Tembea. Na sahani yako ipunguze nusu." Jumatatu iliyofuata, saa kumi na mbili asubuhi, marehemu alitoka getini na suruali yake ya kitambaa ya kuvalia harusini, kwa kuwa nyingine zote zilimbana. Alifika kwenye nguzo ya tatu ya umeme. Akashika nguzo, akahema, akarudi. Muuza magazeti akamuuliza, "Mzee Mizani, unakimbizwa na nani?" Akajibu, "Na mimi mwenyewe, na nimeshajikamata."

Siku ya pili alifika nguzo ya nne. Wiki ya tatu akapata mwenzake, fundi viatu wa pale kwenye ngazi za benki, ambaye naye alikuwa na sukari. Fundi alimshonea raba kuukuu, akazitia soli mpya, na wakawa wanakwenda pamoja mpaka kwenye tangi la maji na kurudi, kwanza kwa kutembea, baadaye mchakamchaka. Nyumbani Mama alichemsha mboga bila mafuta. Nisiwadanganye, zilikuwa mbaya. Marehemu alitafuna kijiko cha kwanza kwa muda mrefu akitazama ukuta, kisha akasema, "Hivi ndivyo walivyokuwa wanakula ng'ombe wangu? Nawaomba radhi wote." Akamaliza bakuli. Mwezi wa nne alikuwa anaomba nyongeza.

Kila Jumatatu kabla ya kufungua duka alipanda kwenye ile mizani ya chini, ya kupimia mapaja ya ng'ombe, akaandika kwa chaki nyuma ya mlango wa friji kubwa. Kilo mia moja ishirini na moja. Mia moja kumi na sita. Mia na nane. Mwezi Novemba iliandikwa tisini na nne. Daktari alimwondolea vidonge vya aina mbili kati ya tatu, akamshika mkono kama mtu aliyefaulu mtihani. Baba yetu alianza kulala bila kukoroma. Mama alisema siku za mwanzo alikuwa anaamka kumgusa aone kama anapumua.

Alipona. Nataka neno hilo lisikike, kwa sababu halikuwemo kwenye rasimu.

Ila nyinyi mlimwona amekonda. Shati lilimpwaya shingoni, mashavu yakaingia, na watu wakaanza kunong'ona. Wateja wakauliza nyama ya bucha hili ina nini hata mwenyewe haili. Wengine wakautaja ugonjwa kwa kupunguza sauti. Ndipo Jumapili, tarehe 4 Desemba 2022, Baba mkubwa akaitisha kikao cha familia sebuleni kwetu. Walikuja watu kumi na wanne. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amemuuliza daktari.

Baba mkubwa alisema, "Mdogo wangu, tumekutazama, tumevumilia, sasa tumechoka. Muuza nyama anakondaje? Unatuaibisha."

Shangazi, dada yao mdogo, akadakia, "Sokoni nikipita naulizwa kaka yako anaumwa nini. Nijibu nini mimi? Kwamba anakimbia? Mtu mzima na bukta?"

Marehemu akawaeleza. Aliwatolea hata kadi ya kliniki. Baba mkubwa aliipokea, akaiweka juu ya meza bila kuifungua, kisha akamgeukia Mama. "Shemeji, hebu tuambie ukweli. Unampa nini huyu mtu? Maana alipokuwa kwa mama yetu hakuwa hivi."

 Mama alifunika uso kwa kanga. Baba yetu alimtazama mkewe, akamtazama kaka yake, na nikaona kabisa anavyolegea. Wangemsema yeye mpaka asubuhi asingejali. Kumsema mkewe ndiko kulikomvunja. Akaniambia, "Mwanangu, lete chakula."

Nililetewa sufuria la Shangazi, alikuja nalo limefungwa kwenye taulo. Nikapakua. Ilikuwa nyama ya mafuta imekaangwa ikakaangwa tena, juu yake mchuzi ambao pembeni ulikuwa umeshaanza kuganda, mweupe kama nta. Alikula mbele yao kijiko kwa kijiko. Mafuta yakamshuka kidevuni na hakuyafuta. Alipomaliza walipiga makofi. Narudia, watu kumi na wanne walimpigia makofi mgonjwa wa kisukari kwa kumaliza sahani ya mafuta. Nikitaka kutapika, naikumbuka sauti ile. Na sahani niliibeba mimi. Sikuiangusha, sikumzuia, nilisimama hapo na kitambaa cha mikono kama mhudumu wa hoteli. Kinyaa ninachowaambia leo kinaanzia kwenye mikono yangu hii.

Tangu siku hiyo aliacha. Fundi viatu alikuja getini saa kumi na mbili kwa wiki tatu, akagonga mara moja, akasubiri, akaondoka. Marehemu alikuwa ameketi kitandani anamsikia. Sahani za kufunikwa ziliingia kila wikiendi kutoka kila pembe ya ukoo, na kila mwezi mlipokuja mlimfinya shavu. "Sasa umekuwa mtu!" "Afya imerudi!" Daktari alizirudisha zile aina mbili za vidonge, akaongeza ya nne. Nyuma ya mlango wa friji hakuandika tena.

Tarehe 20 Februari 2024 alipata kiharusi, upande wa kulia wote ukafa, na ulimi ukawa mzito. Wodini, kitanda cha dirishani, alilishwa kwa mpira wa puani. Hata hapo Shangazi alikuja na chupa ya supu, mafuta yakielea juu kama macho, akamwomba muuguzi ampitishie "kidogo tu apate nguvu". Muuguzi aliimwaga kwenye sinki mbele yake. Muuguzi yule hayupo hapa leo, lakini namshukuru hadharani. Siku hiyo hiyo marehemu alinishika kwa mkono wa kushoto, akahangaika sana na maneno, mwisho akatoa haya: "Mama yako... hakukosa." Baba yangu alikula mpaka akafa ili mke wake asisemwe. Na bado alisemwa.

Alifariki Jumamosi, tarehe 8 Juni 2024, saa tatu na dakika kumi asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na mmoja. Hakufa kwa mazoezi. Alifanya mazoezi miezi kumi na siku chache, na miezi hiyo ndiyo iliyokuwa mizuri kuliko yote ya uzee wake.

Baba mkubwa, Shangazi, nawaheshimu na nitaendelea kuwaamkia. Najua mlimpenda. Mlimpenda vibaya. Sikuandika haya ili muondoke hapa. Mchanga mtamwagia pamoja nasi. Ila msiniombe nitabasamu, na msiniombe niutie ule mstari wenu.

Marehemu ameacha mke mmoja, watoto watatu, wajukuu wanne, kaka mmoja, dada mmoja, na rafiki yake fundi viatu, ambaye familia imemweka mstari wa mbele na hapo ndipo mahali pake.

Neno la mwisho ni la matangazo. Jumanne ya wiki hii, katikati ya msiba, Mama alishikwa na kizunguzungu tukampeleka kupimwa. Ana presha hiyo hiyo na sukari hiyo hiyo. Tumekubaliana naye na daktari. Kesho saa kumi na mbili asubuhi atatoka getini, na mimi nitakuwa naye, nguzo ya tatu tukifika tumefika. Baada ya miezi michache mtamwona amekonda. Mtasema ni majonzi, mtasema watoto wamemtupa, mtasema mengi. Semeni. Lakini ole wake atakayeingia kwetu na sufuria limefungwa kwenye taulo. Nitalimwaga mlangoni, na safari hii sahani sitaibeba.

Baba, pumzika. Huko uliko hakuna tena wa kukulazimisha umalize.