Mwalimu Severini na Vijana Wenye Majembe

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu na redio. Leo tunamkumbuka Mwalimu Severini, katekista wa kijiji kimoja cha misheni huko milimani, juu ya Morogoro. Amezikwa Jumamosi iliyopita. Mwalimu Severini, aliyewafundisha vijana kuzungumza kwa heshima.

Mtasema, kuzungumza nako kunafundishwa? Hata mimi niliuliza hivyo. Dada yake, Bibi Regina, akacheka huku machozi yanamtoka. Akaniambia: "Mwanangu, kaka yangu ujanani alikuwa na mdomo mkali kuliko pilipili. Siku ukoo umekaa kugawa mashamba ya mama yetu, alimkatiza mjomba. Mbele ya watu! Mjomba akanyanyuka, akachukua fimbo yake, akaenda zake. Mwaka ule hatukulima."

Kwa Waluguru shamba hutoka upande wa mama, na mjomba ndiye msemaji. Ukimkatiza mjomba, umejikatia chakula. Severini hakuisahau njaa ile.

Basi mwaka 1947 alianza kuwakusanya vijana kila Jumapili baada ya misa. Wakristo na Waislamu, wote walikaribishwa. Sharti lake lilikuwa moja. Anayetaka kumjibu mwenzake, kwanza arudie alichosema mwenzake, mpaka mwenyewe akiri: "Hayo ndiyo maneno yangu." Ukitia chumvi, unaanza upya. Sharti lilikuwa hilo tu, na vijana walilichukia. Walisema linachosha kuliko kupanda mlima na tenga la kabichi kichwani.

Kisha ukaja mwaka 1955, na amri ya serikali ya kikoloni ya kuchimba matuta milimani, ili mvua isichukue udongo. Aliyekataa alifungwa. Hata hivyo wengi walikataa. Bi Mwanaheri, mjane wa Kiislamu aliyelima upande wa chini, alichimba. Asubuhi moja vijana wakabeba majembe kwenda kuyabomoa matuta yake. Wengine walitaka na nyumba ibomolewe. Aliyewaongoza ni Kasiani, mtoto wa Bibi Regina, mpwa wa Mwalimu mwenyewe.

Mwalimu alipata habari, akawatangulia kufika. Hakuhubiri. Aliuliza tu: "Mmemwamkia mwenye shamba?"

"Shikamoo, mama," wakanung'unika.

"Marahaba, wanangu."

"Bi Mwanaheri," akasema Mwalimu, "kwa nini umechimba?"

"Nimebaki na mtoto mmoja. Wakimfunga huyo, nani atanilimia?"

"Kasiani, amesemaje?"

"Amesema anawaogopa Wazungu."

"Sikusema hivyo, mwanangu," akajibu Bi Mwanaheri.

Kasiani akajaribu tena, akakosea tena. Jasho likamtoka. Jembe bado alikuwa nalo begani. Mwishowe akasema taratibu: "Amesema amebaki na mtoto mmoja. Wakimfunga, hana wa kumlimia."

"Hayo ndiyo maneno yangu."

Halafu ikawa zamu ya Bi Mwanaheri kuwasikiliza wao. Walimwambia matuta yanaleta juu udongo usiozaa. Walimwambia kwamba yeye akichimba, wao wanaulizwa mbona mjane ameweza. Naye akayarudia maneno yao, sawasawa. Kumbe hakuna aliyekuwa amemweleza.

Wasikilizaji, hakuna aliyeshinda siku ile. Matuta yalibaki, na hasira nayo ilibaki. Lakini nyumba ya mjane haikuguswa, na vijana walirudi na majembe yao. Baadaye watu walipokwenda barazani kulalamikia amri ile, Bi Mwanaheri alikwenda pamoja nao. Mimi, nawaambia kweli, napenda zaidi jambo moja. Aliyesimama mbele na jembe alikuwa damu ya Mwalimu, na Mwalimu hakumpendelea hata kidogo.

Jumamosi Bi Mwanaheri alipanda mlima kuja mazishini, ingawa miguu inamsumbua. Akaomba nafasi ya kusema.

"Siku ile kila mtu alikuwa anasema habari zangu," alisema. "Huyu aliniuliza mimi."

Akakaa.

Bibi Regina, Kasiani, na ukoo wote, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi. Mungu ampumzishe Mwalimu Severini pema.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, kila mmoja wetu ana mtu asiyesalimiana naye. Sababu za ugomvi tunazieleza sisi, kwa majirani, kila siku. Kesho nenda kwake. Mwamkie. Mwulize yeye mwenyewe. Halafu nyamaza.