Damu ya Ndila kwa Jina la Syokau

Risala ya washonaji wa karakana ya sare za shule, Kitui, kwa Daktari Mbuvi, Agosti 1988

Mgeni rasmi, Daktari Mbuvi, meneja wetu, Bwana Waithaka, mchungaji, na jamaa za marehemu mama Syokau: hamjambo.

KARIBU

Karibu, Daktari. Umekuja na sanduku la sindano, tumeliona. Tunakupokea kwa moyo, ila utuwie radhi tukiliangalia sana hilo sanduku.

TULIKOTOKA

Tulianza mwaka wa 1979 na cherehani sita. Vitambaa vilipoibwa, madirisha yalizibwa kwa mabati. Tangu hapo tunaingia alfajiri na kutoka jua likizama. Chakula cha mchana tunakula ndani, mlango umefungwa.

TULIYOFANYA

Leo cherehani ni thelathini na nane. Watoto kutoka Kilungu hadi Tseikuru wanavaa kazi ya mikono yetu.

YALIYOTUPATA

Mwaka jana watafiti wenzako walikuja kutupima damu, waone vitamini D, ile ambayo mwili hujitengenezea ukipigwa na jua, na ambayo hutia mifupa nguvu. Tulicheka. Mama Syokau, mkubwa wetu, alisema, "Tumekosa jua? Hili linalokausha visima? Hao wanatafuta kitu kingine."

Orodha ya majina iliandikwa ofisini kwa meneja. Tukanong'onezana kwamba atakayepatikana mgonjwa atafutwa kazi. Bwana Waithaka, utusamehe, hukutuambia vingine.

Syokau alikuwa ameumwa nyonga miaka miwili. Hakuweza kuinuka bila kushika meza. Asubuhi ya sindano alimvuta kando Ndila, msichana aliyekuwa na wiki tatu tu kazini.

"Wewe umetoka kuchunga mbuzi juzi, damu yako ni nzima. Nenda useme wewe ndiwe Syokau."

"Mwaitu, mama yangu, na mimi mwenyewe nikiitwa?"

"Si una mikono miwili? Na meza zao ni mbili."

Ndila akacheka, akaenda. Alitoa mkono wa kulia meza ya kwanza na wa kushoto meza ya pili. Hakuona ubaya, aliona anamlindia mama kazi yake.

Majibu yaliporudi, kati ya majina arobaini na moja, ishirini na tisa yalikuwa na upungufu: watu tuliodhani ni wazima, wengine wanaobeba maji maili tatu. Walipewa vidonge, na hakuna aliyefutwa. Karatasi ya Syokau ilisema yuko sawa. Ndila aliisoma mara mbili, akamfuata Syokau.

"Mwaitu, twende tukaseme ukweli."

"Tukafutwe wote wawili kwa uongo? Kaa kimya, mtoto."

Ndila akamtii. Mwezi wa tano mwaka huu Syokau alianguka hapo mlangoni, nyonga ikavunjika. Hakurudi kazini, na mwezi wa sita tulimzika. Hatujui kama vidonge vingemsaidia. Ndila naye hajui, na hilo ndilo linalomkondesha.

Tulibishana kama tuandike haya. Ndila mwenyewe alisema, "Andikeni. Kwenye karatasi zao Syokau bado ni mzima. Huyo mzima ni mimi."

Kwa hiyo, Daktari, ile ishirini na tisa si hesabu kamili. Tena hakuwa Syokau peke yake. Wako wengine wawili, lakini hatutawataja mbele ya ofisi.

TUNACHOOMBA

Tunaomba tupimwe upya. Orodha ikae kwako, na kila mtu apewe karatasi yake mkononi. Mlango ufunguliwe saa sita, tule nje juani. Jina la Syokau litolewe miongoni mwa wazima.

Na kwa kuwa bado hatujaamini vizuri, sindano ya kwanza iingie mkononi mwa Bwana Waithaka, hapa mbele yetu, na ya pili mkononi mwako. Ndila ameomba awe wa tatu, mkono mmoja tu, kwa jina lake.

Mungu aibariki mikono yako, Daktari, na aiangalie pia.

Ni sisi,
Washonaji wa Karakana ya Sare, Kitui