Mwalimu Efrazia Damiani, Aliyelia Mbele za Mungu

Baba Paroko, mzee Damiani na mama Laurensia, wakwe zangu, ndugu wa pande zote mbili, walimu, majirani wa Kibaha na wenyeji wa Chole, historia hii ilikuwa isomwe na shemeji yangu Didas kwa niaba ya familia, nami nimemwomba aniachie, kwa sababu rasimu ya kamati ilikuwa na sentensi inayosema kwamba marehemu aliyapokea mateso yake kwa furaha na bila kulalamika, sentensi hiyo si ya kweli, nimeifuta.

Efrazia alizaliwa hapa Chole, Wilaya ya Kisarawe, tarehe 19 Septemba 1974, akiwa mtoto wa nne kati ya sita wa mzee Damiani, mkulima wa mihogo na katekista wa kigango hiki. Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1982 hadi 1988, akamaliza kidato cha nne Kibaha mwaka 1992, kisha akasomea ualimu Morogoro na kuajiriwa Julai 1995 katika shule moja ya msingi ya wilaya hii.

Nilimfahamu mwaka 1998, nilipotumwa kupima kiwanja cha shule hiyo, akatoka darasani na kuniambia mbele ya wanafunzi wake, "Kaka, kigingi chako kimeingia kwenye bustani ya watoto wangu, king'oe," nikaking'oa. Tulifunga ndoa tarehe 27 Novemba 1999, tukahamia Kibaha mwaka 2001, na Mungu akatujalia watoto wawili, Herieth, aliyezaliwa tarehe 11 Mei 2002, na Brighton, aliyezaliwa tarehe 3 Aprili 2005.

Brighton alifariki tarehe 23 Agosti 2009 kwa malaria iliyompanda kichwani, tukamzika hapa, na jeneza lilipoanza kushushwa mama yake alianza kusema na Mungu kwa sauti, akamwuliza kwa nini, na kabla hajafika mwisho wa swali mama mmoja akaanzisha wimbo, wengine wakapokea na kupandisha sauti, hadi yake ikapotea. Jioni alisifiwa kwamba ametulia. Kuanzia hapo akafanywa mfano, kila semina ya akina mama aliitwa mbele aeleze jinsi msiba ulivyomkomaza kiimani, na waliomwita walikuwa wameshamwandalia jibu.

Mwaka 2012 alihamishiwa Kwala, akawa mwalimu mkuu msaidizi, kazi aliyoifanya hadi ugonjwa ulipomzuia. Maumivu ya tumbo la chini na kutokwa damu vilianza Machi 2022, hakuniambia hadi Januari 2023, na nilipomwuliza sababu alijibu, "Baba Herieth, mimi ndiye wanayemwonesha wenzao, nitaanzia wapi kusema naumwa?" Mwezi huo huo madaktari walithibitisha saratani ya shingo ya kizazi, ikiwa imeshavuka hatua ya kuondolewa kwa upasuaji.

Tangu juzi nimesikia hapa msibani kwamba Mungu alikuwa akimpima, na kwamba huwapa msalaba mzito wale anaowapenda zaidi. Ninaomba maneno hayo yasirudiwe mbele ya binti yangu. Ugonjwa haukuwa mwalimu wa mke wangu, ulikuwa ugonjwa, na ukimya aliofundishwa kanisani, na watu wanaompenda, ulimnyima miezi kumi ya matibabu.

Kwamba alikua kiroho, alikua, na nitasema ilivyokuwa kwa maana nilikuwepo. Jumatano moja ya Juni 2023 jumuiya ilisali nyumbani kwetu, barabara ya Zegereni, na ilipofika zamu yake ya kuomba Efrazia akasema, "Bwana, hili mimi silitaki, linauma, na la Brighton bado sijakuelewa," akaanza kulia. Mwenyekiti wetu, Mama Deus, ambaye yuko hapa na ameniruhusu nimtaje, akaanzisha wimbo, kama ilivyo kawaida yetu mtu akizidiwa, na Efrazia akanyanyua mkono kama yuko darasani, akamwambia, "Mama Deus, subiri mwenzangu, sijamaliza." Wimbo ukakatika. Alilia na kusema yote aliyokuwa nayo, yakiwemo ya mwaka 2009, akaitikia Amina yeye mwenyewe, kisha akauliza kwa nini chai haijaletwa.

Tangu siku ile hakusali tena kwa maneno ya kuazima, alimgombeza Mungu asubuhi na kumshukuru jioni kwa uji uliokaa tumboni, na huko Dar es Salaam alipokuwa akipata mionzi, wagonjwa wenzake walihamia pembeni ya kitanda chake kwa sababu hakumwambia yeyote ajikaze. Mmoja wao, Fadhila, binti wa Kiislamu, aliniambia, "Wengine wakiona unalia wanakupa mawaidha, mama huyu anakuvutia kiti." Huo ndio ukomavu ninaoujua, na haukuletwa na maumivu, ulianza siku alipokataa kumficha Mungu maumivu hayo.

Baada ya kupokea Mpako wa Wagonjwa alifariki nyumbani Kibaha, Alhamisi tarehe 6 Februari 2025, alfajiri, akiwa ameshikwa mkono na Herieth.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, ambao hawakutudanganya, walimu wa Kwala waliogawana vipindi vyake bila kuombwa, jirani yetu mzee Mwinjuma aliyetupeleka hospitali kwa gari lake kila tulipomgongea, na Mama Deus, ambaye tangu Jumatano ile alikuja kila asubuhi kumwogesha, akamsikiliza, na hakuimba mpaka alipoombwa.

Limebaki ombi moja. Jeneza litakaposhushwa, Herieth ana maneno yake kwa Mungu, huenda yakawa makali na huenda yakawa marefu, asitokee mtu wa kuanzisha wimbo juu yake, mwacheni amalize, ndipo tuimbe.

Efrazia, mke wangu, wewe uliyasema yote, na aliyeyasikia ndiye unayekwenda kwake, pumzika kwa amani.