Zamu ya Blessing

Wa kwanza kumwambia Elieth alikuwa Theopista, mpishi wa shule wanakosoma watoto wa wageni wa mgodini. Blessing, binti wa Elieth, naye anasoma huko, kwa kuwa baba yake anaendesha lori la mgodi. Theopista alisimama kando ya benchi la kahawa pale mtaani Kalangalala, Elieth anapokaangia vitumbua, akasema kwamba katika kipindi cha dini kila mtoto huwa na zamu ya kuwaonyesha wenzake kwao wanavyosali kabla ya kula. Kesho ni zamu ya Blessing. Akaenda zake, akawaachia wanaume waliokuwa wakinywa kahawa hapo la kutafuna.

— Shule ile ni karasha tu, alisema Silvesta, ambaye kwa kusaga mawe ya dhahabu kwa mashine hiyo miaka mingi anaitwa Karasha. Dini zote zinaingia, unatoka unga mmoja.

— Wee, alijibu Enock, aliyepewa uprofesa na benchi. Mtoto wa Kihindi aliwasha taa yake ya sala, Wazungu wadogo wakatulia tuli. Hapa mtu akipiga ishara ya msalaba kabla ya kashata, unamuuliza kama anaogopa sumu.

— Nilikuwa namtania. Ila shule naivulia kofia. Hakuna anayeambiwa kakosea.

— Ndiyo hivyo, wanafunzana kidogo kidogo. Bandu bandu huisha gogo.

— Sasa hilo gogo ndiyo dini, Profesa?

— Kunywa kahawa.

— Mi nasikia wana mashine, aliendelea Karasha, kama ile ya kutafutia dhahabu. Inapitishwa kifuani, imani ikiwepo inalia.

— Kwa Blessing italia mpaka mapadri kule Ushirombo waisikie.

Elieth alitabasamu akiwa ameinama. Hakuwa mtu wa kuchangia.

Akafika Mwanaima, jirani aliyehamia juzi kutoka Runzewe.

— Shikamooni. Mama Blessing, nipe vitano. Nimesikia habari ya mtoto. Kwani nyumbani mnasalije?

— Wakatoliki wana sala yao, alidakia Karasha.

— Nauliza nyumbani kwake, baba.

Elieth akageuza kitumbua kilichokwisha kuiva. Alisali kila siku, lakini moyoni, midomo imefungwa kwa haya. Blessing hakuwahi kumsikia. Mtoto angeonyesha nini?

Profesa akainua birika. Lilikuwa tupu.

Asubuhi yake, Blessing alipoinua kikombe cha uji, Elieth alimshika mkono. Akapiga ishara ya msalaba, akasali kwa sauti. Sauti ikakatika katikati. Akaanza upya, safari hii Blessing akimfuatisha neno kwa neno, uji ukipoa.