Kiingereza cha Doris ni cha Nani

Jumanne ya tarehe 17 Juni 2025, saa kumi na dakika kumi na mbili jioni, simu ya Doris ilitikisika akiwa kijiweni kwa Hasani, hapo Katesh, na kuanzia dakika hiyo Kiingereza kikakosa mwenyewe. Kijiwe chenyewe ni gogo la mkaratusi lililolazwa kando ya ukuta wa duka la mbolea, mahali pekee mtaani ambapo upepo unaoshuka Mlima Hanang hukupita bila kukuchapa usoni. Mbele ya gogo kuna jiko la mkaa, birika la kahawa na ndoo ya kuoshea vikombe. Juu yake hukaa watu wale wale kila jioni, karibu wote kwa majina ambayo hawakupewa na wazazi wao, na hakuna jambo duniani lililowahi kupita mbele ya gogo lile bila kutolewa maelezo.

Doris hakuwa mtu wa kijiweni. Alikuwa amehitimu chuo kikuu mwaka uliotangulia, akarudi kwa wazazi wake Gehandu, ambako mtandao huja ukijisikia. Wiki hiyo alikuwa amehamia kwa shangazi yake mjini, akagundua kwamba ukikaa mwisho wa gogo, upande wa ndoo, simu inashika vizuri kuliko popote. Basi akawa anakaa hapo, magoti yamebanwa pamoja, akinunua kikombe kimoja ili asionekane ananyonya mtandao bure. Alikuwa mtu wa kufunga mlango, kuondoka, kisha kurudi kuuangalia kama kweli ameufunga.

Ujumbe ulitoka kwenye kampuni inayofundisha watu Kiingereza kwa njia ya mtandao. Doris alikuwa ameomba ualimu huko, na alikuwa ametuma sauti yake. Walimwandikia kwamba watu watatu wa ofisini wameisikiliza, wameelewa kila neno, na wameipenda. Tatizo ni moja tu: hakuna kati yao aliyeweza kusema ni Kiingereza cha wapi. Kwao kila mwalimu ana bendera pembeni ya picha yake, na mwanafunzi huchagua kwa bendera. Kesho saa tatu asubuhi, kwenye usaili wa video, aje na jibu: Kiingereza chake ni kipi. Bila jibu hawataweza kumpokea.

Aliusoma mara ya kwanza akatabasamu. Aliusoma mara ya pili, tabasamu likaisha. Kisha akafanya kosa ambalo mtu mwenye digrii hakupaswa kulifanya. Aliusoma kwa sauti, kwa Kiswahili, mbele ya gogo zima.

Wa kwanza kuupokea alikuwa Satelaiti, ambaye mama yake alimwita Shumbana, fundi wa madishi ya televisheni. Satelaiti alisema hilo ni suala la kitaalamu na amefurahi limemkuta akiwa na nafasi. Kiingereza, alieleza, hushuka kutoka juu. Kikirushwa kutoka Uingereza hupanda kwenye setilaiti, kisha humwagika nchi zote kwa usawa; kinachokitofautisha ni pembe ya kukipokelea. Wanaijeria wameinua dishi sana, ndiyo maana chao kinaingia kwa kishindo. Wahindi wameligeuza kidogo mashariki. Sisi wa Hanang dishi letu lilikuwa sawasawa kabisa, ila upepo wa mlima umelisogeza.

— Kwa hiyo chako ni cha Uingereza, sista, kimepinda kidogo tu. Waambie wakae mkao wa kukuelekea.

Doris alisema taratibu kwamba lugha haiji hivyo. Kila mahali Kiingereza kilipofika, alisema, watu wamekizoea kwa midomo yao na shida zao, wakakifanya cha kwao, na wataalamu wanazitambua aina hizo zote. Alikuwa na mifano minne yenye mpangilio mzuri. Hakufika hata wa pili.

— Mdomo hauna kazi hapo, alisema Yonas. Ni pumzi.

Yonas, waliyemwita Kileleni, aliwahi kubeba mizigo ya watalii mlimani kwa misimu kadhaa, na tangu hapo hakuna jambo alilolipima kwa kitu kingine isipokuwa mwinuko. Alisimulia kwamba chini kabisa, pale kwenye geti, Mwingereza na Mmarekani wanaongea kila mtu cha kwake na kwa kasi ambayo hata wao kwa wao wanaulizana. Wakifika katikati, maneno yanapungua. Wakikaribia kilele, wote wanaongea kama mtoto wa kidato cha kwanza, neno moja moja, na hapo hata yeye anawaelewa vizuri. Kileleni kwenyewe hakuna anayesema kitu, wanalia tu na kupiga picha. Hivyo alikuwa na hakika kwamba Kiingereza halisi ni kile cha mtu aliyeishiwa pumzi, na vingine vyote ni mbwembwe za watu wa bondeni. Ushauri wake kwa Doris ulikuwa apande kilima kilicho nyuma ya mnara wa simu kesho alfajiri na ajibu maswali akiwa huko huko, anahema.

Hasani akamimina kahawa na kusema wote wamekosea, kwa sababu Kiingereza hakina aina, kimeisha tu. Kilichotengenezwa zamani kilikuwa kiasi cha kuwatosha wenyewe. Sasa dunia nzima imekuja na vikombe. Ukiwa na birika moja na wateja hawaishi, unafanyaje? Unaongeza maji. Alichopata Doris ni kahawa ya jioni, bado inaitwa kahawa, bado ni ya moto, lakini mtu wa asubuhi akiionja hawezi kukuambia imetoka birika gani.

Doris alikitazama kikombe chake. Lililomuuma ni kwamba hilo, kati ya yote, lilikaribia kumwingia. Alikuwa amesoma Kiingereza miaka yote ya shule na chuo, akakariri, akasahihishwa, akachekwa, akawasahihisha wengine na kuwacheka. Na sasa watu watatu waliokisikiliza kwa makini walikuwa wamegeuziana macho na kuulizana kimetoka wapi. Kazi ya kwanza kumjibu tangu ahitimu ilikuwa hii. Baba yake alikuwa ameshawaambia majirani kwamba binti yake anaajiriwa na Wazungu.

Ndipo Mnada akaweka kikombe chini. Jina lake ni Mzee Modest, na alikuwa dalali wa ng'ombe hadi magoti yalipogoma. Akiweka kikombe chini, gogo hunyamaza.

— Binti, hujanisalimu tangu ulipofika.

Doris alisimama haraka.

— Shikamoo, mzee. Nisamehe, nilikuwa na simu.

— Marahaba. Kaa. Sasa nijibu. Hicho Kiingereza umezaliwa nacho?

— Hapana, mzee.

— Umekinunua?

— Hapana.

— Basi ni ng'ombe wa kuwekewa.

Wote wakashusha pumzi, kwa maana jambo lilikuwa limefika nyumbani. Hanang na Mbulu nzima hakuna asiyejua ng'ombe wa kuwekewa. Mwenye kundi kubwa humpelekea mwenzake ng'ombe amfugie. Mfugaji anakunywa maziwa, samadi anapeleka shambani, lakini ng'ombe si wake, wala ndama si wake. Akizaa unampelekea mwenyewe habari. Akifa unampelekea ngozi. Mzee Modest alieleza kwamba Mwingereza alikuwa na kundi kubwa kuliko malisho yake, akatawanya: mmoja India, mmoja Nijeria, mmoja Kenya, mmoja kwetu. Huko kote ng'ombe wamezaa. Wamezaa wenye mabaka, wenye pembe za kwenda chini, wengine hata wanatembea kinyumenyume. Hizo ndizo aina anazozisema Doris. Maziwa tumekunywa, hakuna ubaya. Ubaya ni kwamba hakuna aliyempelekea mwenyewe habari za ndama hata mmoja, na sasa mwenyewe ameanza kuulizia.

Satelaiti alitaka kujua ngozi za maneno yaliyokufa ziko wapi. Mzee alimwambia asilete utani kwenye mambo ya mifugo.

— Na mtu akiulizwa ng'ombe huyu umewekewa na nani, akashindwa kusema, alimalizia Mzee Modest, huyo tunamwitaje?

Hakuna aliyetaka kulitamka neno mwizi mbele ya Doris, kwa hiyo walilikohoa. Doris alihisi masikio yanawaka. Akajikuta anaeleza, kama mtu aliyesimamishwa barabarani akiwa na mfugo: cha kwanza kabisa alipewa na mwalimu wa darasa la tatu, mtu wa Ukerewe. Sekondari alipewa na sista kutoka Kerala, India, aliyekuwa akitikisa kichwa akisoma, na mpaka leo Doris akisema sentensi ndefu kichwa chake hutikisika. Chuoni alipewa na mhadhiri aliyesoma Uskoti. Vingine alivikuta kwenye filamu za Lagos kwa shangazi. Na chini ya vyote alikuwapo mama yake, ambaye hajui hata neno moja la Kiingereza, lakini kila Doris anapokisema husikia Kiiraqw cha mama kikipanda na kushuka mle ndani.

Gogo lilianza kufuatilia. Yule wa Ukerewe aliwekewa na nani? Sista wa Kerala je? Kila walipomfikia mtu mmoja walimkuta naye amewekewa na mwingine, na huyo na mwingine. Kileleni akapendekeza bendera ya Ukerewe. Hasani akasema Ukerewe haina bendera. Satelaiti akasema wangeweza kuishona usiku huu. Mwisho waliamua wafanye zoezi. Mzee Modest awe bosi wa kampuni, Doris aseme jibu lake kwa Kiingereza. Zoezi lilivunjika mara moja, kwani Doris alianza kwa kumtakia mchana mwema kwa Kiingereza, na bosi akakataa kumwitikia, akisema kwake mtoto hamsalimu mkubwa hivyo. Walipomweleza kwamba Wazungu hawana shikamoo, aliuliza kwa huruma ya kweli, sasa wanaanzaje mazungumzo.

Wakati huo mama mmoja muuza maziwa, Imakulata, alikuwa amesimama kando, dumu miguuni, akisubiri gari la kumrudisha kwake Getanuwas. Hakuwa mtu wa gogo lile, na alikuwa amesikia yote. Aliwasalimu wazee shikamoo, akaitikiwa, kisha akasema yeye hajui Kiingereza, lakini kwake kuna ng'ombe wawili wa kuwekewa, ana miaka sita nao, na kuna kitu hajaelewa.

— Kwetu anayekuja kuuliza ng'ombe ni wa nani, lazima awe mwenyewe, au aliyetumwa na mwenyewe. Mpita njia hana haki hiyo, unamfukuza. Sasa huyu anayemuuliza huyu binti, ndiye mwenye ng'ombe, au naye amewekewa?

Kileleni akatazama mlima. Mzee Modest alichukua kikombe chake, akakuta kitupu, akamtazama Hasani. Hasani akainamisha birika juu ya kikombe, likatoa machicha na tone moja. Wote wakageukia mwisho wa gogo, kwa Doris, kwa kuwa ndiye aliyesoma. Doris alikuwa amesoma ujumbe ule mara kumi. Chini ulikuwa na jina la mtu, na hakuwahi hata kujiuliza ni mtu wa wapi. Gari la Getanuwas likaja, Imakulata akapanda na dumu lake.

Asubuhi, saa tatu, Doris aliegemeza simu kwenye kopo la maziwa juu ya meza ya shangazi, akiwa amevaa blauzi ya mahafali na khanga chini. Kwenye kioo akatokea mwanamume wa makamo aliyefunga tai, akamsalimu vizuri, na moja kwa moja akauliza: je, ameamua Kiingereza chake ni kipi? Jibu lilikuwa tayari. Alikuwa amelifanyia mazoezi usiku, aseme ni cha Uingereza, aliseme haraka kabla ya kichwa kutikisika. Badala yake alisikia sauti yake ikiuliza, kwa adabu yote, kama angeruhusiwa kwanza kujua cha kwake yeye ni kipi.

Mwanamume alicheka kidogo, akaanza kujibu, akasita. Alisema amezaliwa Hungaria. Kiingereza amejifunzia Malta. Mkewe ni wa Trinidad, na nyumbani huwa, kwa kweli, huwa wanaongea... Hapo akavua vifaa vya masikioni na kumwita mwenzake. Akaja mwanamke mwenye kikombe mkononi, akasema chake ni cha Marekani, bila shaka. Akaulizwa aliishi Marekani lini. Hakuwahi kuishi, alikulia Manila na alifundishwa na masista. Akaja wa tatu, akiwa na chupa ya chai, akasema wote wawili wamekosea, kwa sababu suala zima ni namna mtu anavyouweka ulimi. Mwenye tai akamwambia ulimi hauna kazi hapo. Wakavuta viti. Hakuna aliyeitazama tena kamera.

Doris aliwasikiliza kwa muda mrefu. Polepole mabega yake yakashuka. Alipoona mwanamke wa Manila ameanza kuchora ramani ya dunia nyuma ya karatasi, na anaichora vibaya, alivuta kigoda karibu na meza, akakohoa kuwanyamazisha wote watatu, na akaanza kufundisha.