Mwalimu Zakayo Kioko Musyoka na Chama Chake cha Kanda (1947–1989)

Tunayemsindikiza leo, Jumamosi tarehe 16 Septemba 1989, ni Mwalimu Zakayo Kioko Musyoka. Alizaliwa tarehe 14 Machi 1947 katika kambi ya wafanyakazi wa shamba la mkonge karibu na Kilifi, mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Musyoka Mutua na Mama Kasiva, waliokuja pwani kutoka Kitui kutafuta riziki. Mimi ninayesoma ni Nduku, dada yake anayemfuata. Wazee walinichagua kwa kuwa nina sauti kubwa, na marehemu mwenyewe hakuacha kunitania kwayo.

Alianza masomo mwaka 1954 katika shule ya shambani, akapelekwa Rabai mwaka 1961, kisha akafanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 1966. Alikuwa mfupi kama Zakayo wa kwenye Biblia, lakini darasani hakukuwa na aliyemfikia kwa jiografia. Karo ya chuo ilipokosekana, alifanya kazi ya kuhudumia wageni katika hoteli moja ya ufukweni Bofa kwa mwaka mzima. Huko ndiko alikomhudumia chai mwalimu mmoja wa kike kutoka Kanada, Bi Margaret, aliyetoka mji mdogo wa wakulima wa viazi. Waliongea juu ya ramani mpaka chai ikapoa, na msimamizi akamkaripia. Tangu siku hiyo waliandikiana barua kwa zaidi ya miaka ishirini.

Alihitimu ualimu mwaka 1970, akafundisha Malindi, na mwaka 1979 akahamishiwa shule ya sekondari ya harambee, iliyojengwa kwa michango ya wananchi, huku upande wa Ganze. Wenzake walimpa pole, maana shule haikuwa na umeme, na maji yalikuwa ya kufuatwa mbali. Yeye alijenga nyumba hapa hapa na kupanda mahindi, ambayo miaka mingi yaliliwa na jua kabla hayajaliwa na sisi.

Mwaka 1982 Bi Margaret aliandika kwamba wanafunzi wake wanamuuliza vijana wa Afrika huzungumza nini. Marehemu alimjibu, “Waulize wenyewe.” Ndivyo kilivyoanza Chama cha Kanda. Wanafunzi wa Ganze wangerekodi maneno yao kwenye kaseti, kaseti ipelekwe posta Kilifi, na wenzao wa Kanada warekodi majibu. Nauli ya ndege hakuna ambaye angeipata, lakini sauti zao zingefika. Redio kaseti ilikuwa yake mwenyewe. Betri zikichoka zilianikwa juani juu ya bati, zikapata uhai wa nusu saa nyingine.

Kanda ya kwanza ya mwezi Machi 1983 ilimwaibisha. Aliwaambia wanafunzi wajitambulishe. Lakini hawa ni watoto waliolelewa, na mtoto aliyelelewa hajitaji jina kabla ya kusalimu. Kila mmoja akashika redio akaanza: hamjambo huko, wazazi wazima, nyanya anaendeleaje, mifugo je, mvua imenyesha? Wote ishirini na wawili, kwa Kiingereza, mmoja baada ya mwingine. Upande wa kwanza wa kaseti ukaisha, wa pili ukafuata, na hakuna aliyefika kwenye jina lake. Nilimuuliza kwa nini hakuwakatiza. Akaniambia, “Nduku, wewe ungemkatiza mtu anayekuulizia mama yako?” Betri nyingine hakuwa nazo, basi akaituma hivyo hivyo, akijua atachekwa.

Jibu lilichukua wiki tisa. Watoto wa Kanada walikuwa wamegawana maswali, wakayajibu yote, moja baada ya jingine. Ng'ombe ni wazima. Mvua imezidi, viazi vinaoza. Kijana mmoja alisema nyanya yake amelazwa hospitali, na kwamba huenda shule kila siku na hakuna aliyewahi kumuulizia habari za huyo nyanya. Marehemu alisikiliza kanda ile akalia mbele ya darasa. Mimi nilimcheka. Leo sicheki.

Tarehe 6 Desemba 1975 alifunga ndoa na Mbeyu Jefwa wa Rabai, muuguzi aliyekutana naye Malindi. Ndoa hii nusura ivunjike kabla haijafungwa. Mila ya kule inataka wazee wapelekewe pombe ya mnazi, na kaka yangu, mtu wa kanisa asiyeonja hata tone, alibeba kreti mbili za soda. Baba mkwe, Mzee Jefwa, alizitazama, akasema, “Mwanangu, soda haiozeshi mtu hapa Rabai.” Ilibidi mjomba wetu akimbie kutafuta mnazi. Soda walikunywa watoto, na wazee wakakiri baadaye kwamba hawajapata mkwe mwenye adabu kuliko yeye. Mungu aliwajalia watoto watatu: Musyoka, Easter na Kasiva.

Ugonjwa ulianza Agosti 1988 kwa sauti kukwaruza. Tulidhani ni vumbi la chaki. Mnamo Januari madaktari wa Mombasa walituambia ni saratani ya koo, na kufikia Mei mwaka huu hakuweza kutoa hata neno moja. Akawa anaandika kwenye daftari. Na yaliyojaa daftarini humo hayakuwa maumivu yake. Yalikuwa chama. Mkuu wa shule alikuwa amemweleza, kwa heshima, kwamba masomo ya mfumo mpya wa elimu wa 8-4-4 ni mengi na muda ni mfupi: asipopatikana mwalimu mwingine wa kukilea chama kufikia ufunguzi wa muhula wa tatu, kitafungwa. Kaka aliwaandikia walimu wote, na wote wakamrudishia daftari lake na pole. Hilo lilimuuma kuliko koo.

Aliyekataa kwa sauti kuliko wote ni Mwalimu Njoroge wa hesabu. Alisema kanda hazileti alama. Lakini Ijumaa moja ya Juni alikubali kuwasomea wanachama maneno ya daftari, siku hiyo moja tu. Siku hiyo kanda ya Kanada iliuliza: Kabibi Dena wa kidato cha tatu, aliyesimulia jinsi anavyotembea kwenda shule na kufuata maji, hutembea kiasi gani kwa mwaka? Mwalimu wa hesabu akisikia swali kama hilo hawezi kunyamaza. Alishika chaki. Kilomita kumi na nne kwa siku ni kilomita elfu tano mia moja na kumi kwa mwaka. Marehemu akafungua ramani yake, akapima kwa uzi, akaandika daftarini: karibu upana wa Kanada nzima. Kabibi, ambaye hajulikani kwa kusema, alisema, “Basi mie nshafika, mwalimu.” Njoroge aliondoka bila kuahidi lolote.

Marehemu aliaga dunia alfajiri ya Ijumaa tarehe 8 Septemba 1989, hospitalini Mombasa, mkewe akiwa amemshika mkono. Ukurasa wa mwisho wa daftari ulikuwa na swali moja: “Kuna aliyekubali?” Mbeyu alilisoma, lakini habari yoyote kutoka shuleni haikuwa imemfikia.

Jumapili, matangani, Mwalimu Njoroge alikuja akamwita wifi yangu kando. “Mama Musyoka, hiyo chama nimechukua. Nilimwambia mkuu Ijumaa asubuhi, hata sijui kama mwalimu ameenda. Jumamosi ningekuja Mombasa kumwambia.” Kisha huyo mtu mzima akakaa chini mchangani akalia.

Marehemu ameacha mjane, Mbeyu. Watoto, Musyoka, Easter na Kasiva. Mama yetu, Mama Kasiva. Mimi dada yake. Wakwe wa Rabai. Bi Margaret aliyepelekewa simu ya maandishi. Na wanachama thelathini na mmoja waliosimama pale nyuma na sare zao.

Kaka, naomba ruhusa ya kukusemesha wewe mwenyewe. Ulikwenda bila jibu, na hilo limenikosesha usingizi wiki nzima. Basi jana saa tisa nilikwenda shuleni kujionea. Walikuja wote thelathini na mmoja. Njoroge hakujua kubonyeza vitufe viwili kwa pamoja ili kurekodi, Kabibi akamwonyesha. Wakawaambia wenzao wa Kanada kwamba umefariki. Halafu wakaendelea na swali lililofuata kwenye kanda yao.

Aliyekubali yupo, Kioko. Pumzika sasa, Mungu akupe amani yake.